Kapitolina na Mstari wa Tatu

Kapitolina Yegorovna ana miaka sitini na minne, na amekuwa nayo kwa miaka saba mfululizo. Ukimuuliza zaidi, anakuuliza wewe una kilo ngapi. Mimi sijawahi kumuuliza. Nipo kwenye kaunta ya makoti ya ukumbi wetu wa baleti mwaka wa ishirini na mbili sasa, na koti lake la kijani nimelipokea mara nyingi kuliko la mume wangu, ambaye lake hulitupa kitini. Ananikabidhi koti, anakaa kwenye benchi, anavua mabuti ya theluji, anatoa viatu vyeusi vya kisigino kifupi kwenye mfuko wa kitambaa, anavaa, ananikabidhi mabuti. Halafu ananiambia, "Raya, leo msituangushe," utadhani mimi ndiye ninayecheza. Kisha huyo, anapanda ngazi mpaka roshani ya juu kabisa, ghorofa nne, bila kushika reli.

Kazi yake ilikuwa kiwanda cha injini, miaka thelathini na moja, juu ya kreni. Chama cha wafanyakazi kiligawa tiketi za baleti kila mwaka, na wenzake walizifungia samaki wakavu. Yeye akaja. Akakaa kule juu, karibu na nguzo ya kushoto, akatazama chini. Akaona wanawake ishirini na wanne wamevaa nyeupe, wanakatizana kwa mistari, hakuna aliyemgonga mwenzake wala aliyempigia mwenzake kelele.

"Kiwandani kwetu," aliniambia, "kuhamisha bomba moja kulitaka wanaume sita na matusi mia."

Tangu siku hiyo hakutoka tena. Kiti cha chini hakitaki hata cha bure. Anasema chini unaona miguu, juu unaona kazi.

Huko juu ana wenzake, na sisi wafanyakazi tunawaita watu wa juu. Usifikiri ni mabibi wa hariri. Kuna muuguzi, kuna mhasibu wa bohari, kuna daktari wa meno mwanamume ambaye hulia kila mara, hata kwenye zile za kuchekesha. Wanajua nani kaumia kifundo cha mguu, nani kaachana na mumewe, nani kaongeza nusu kilo. Hawali ukumbini, hawakohoi. Na makofi ni kazi yao. Mcheza baleti akimaliza kipande kigumu, makofi ndiyo yanayompa nafasi ya kupumua kabla ya kile kinachofuata. Yakichelewa, masikini anaanza tena akitweta kama samaki nje ya maji. Watu wa juu wanajua sekunde ya kuanza. Mgeni akitangulia kupiga, wanamgeukia wote kwa pamoja, mpaka anaificha mikono yake.

Kila mmoja wao ana nyota wake wa kumpenda. Kapitolina hana nyota. Ana Lada Chudinova.

Lada hukumwona kwenye bango lolote. Lada ni mstari wa tatu, wa pili kutoka kushoto. Alitoka shule ya baleti akaingia kwenye mstari, na kwenye mstari akabaki. Siku yake ya kwanza utepe wa kiatu ulifunguka, akacheza dakika kumi na mbili utepe ukimfuata nyuma kama mkia, na hakuutazama hata mara moja.

"Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama nyota," Kapitolina alinieleza. "Nikasema, huyu mtoto nisipomtazama mimi, atatazamwa na nani?"

Basi akamtazama, karibu miaka ishirini. Kila msimu ulipofunguliwa aliacha maua kwenye mlango wa wafanyakazi, na karatasi iliyoandikwa: Kwa Lada, mstari wa tatu. Jina la mletaji hakuandika. Nilimwambia, "Kapitolina Yegorovna, mwandikie basi ajue." Akanijibu kwamba maua hayana haja ya kupigiwa saluti.

Halafu ikaja korona, wakatufunga.

Kuanzia Machi mpaka vuli nilikaa nyumbani na mume na koti lake kitini. Kapitolina alikaa peke yake kwenye chumba chake kimoja na jiko. Wakaanza kuonyesha baleti kwenye simu, bure, na mpwa wake akamfundisha kubonyeza kwa kupitia dirishani, yeye ghorofa ya kwanza, mpwa kasimama kwenye matope. Baada ya Jumamosi ya kwanza alinipigia, akaniambia nitulie nimsikilize, akanisimulia. Alivaa gauni la bluu. Alivua ndala, akavaa viatu vya ukumbini. Akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Akagonga glasi kwa kijiko: kengele ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akakaa.

"Ikaenda vizuri?" nikamuuliza.

"Jirani alinigongea ukuta nilipopiga makofi."

"Ukafanyaje?"

"Nikamgeukia. Lakini ukuta haujui kuona haya."

Wakati wa mapumziko alikuwa ananipigia, kwa sababu mapumziko ni lazima uzungumze na mtu, la sivyo si mapumziko. Nikawa nakoroga supu ya kabichi huku nasikia habari za mikono na shingo. Lakini kila wiki sauti ilizidi kupungua nguvu. Siku moja katikati ya Mei nikamuuliza kulikoni.

"Raya, hii simu haina mstari wa tatu. Wanaonyesha nyota, wanaonyesha uso wa nyota, wanaonyesha kiatu cha nyota. Nimetafuta Lada kwa miwani miwili. Nimeona kiwiko. Sina hakika hata kama ni chake."

Hapo ndipo nilipojua kwamba huyu mama hatibiwi na simu.

Msimu wa vuli ukumbi ukafunguliwa, na masharti ukutani urefu wa shuka. Kiti kimoja kwa kila vinne. Roshani zote zimefungwa. Barakoa muda wote. Hakuna kupiga kelele za sifa, kwani kelele zinatoa mate. Hakuna mtazamaji kumpa mchezaji maua. Yanaachwa mezani mlangoni, yanapanguswa kwa dawa, na yatapelekwa na mfanyakazi mwenye glavu. Na wenye miaka zaidi ya sitini na mitano wanaombwa kwa heshima wakae kwao. Kadi zao za basi zilikuwa zimezimwa tayari, ili heshima hiyo iwafikie vizuri.

Kapitolina alikuwa radhi kusubiri. Mwenyewe alisema, "Nimesubiri miezi minane, nitasubiri mpaka waniwekee nguzo yangu." Na angesubiri, kama si mdomo wangu. Wanawake wa chumba cha mavazi waliniambia kwamba Lada anaacha. Miaka yake ya pensheni ya wachezaji imetimia, na goti limekwisha. Jumapili ya mwisho ya Novemba, onyesho la mchana, ndilo la mwisho. Hakuna tangazo wala hotuba. Nyota akistaafu anawekewa jioni nzima na kapu la maua refu kuliko mtu. Mstari ukistaafu unarudisha ufunguo wa kabati.

Nikampigia Kapitolina. Nikamwambia yote.

"Mwanangu," akasema, na mimi nina miaka hamsini na mitatu, "safari hii siachi maua mlangoni. Nataka apewe jukwaani. Pazia likiwa wazi. Watu wamtazame yeye, hata kwa dakika moja."

"Mstari haupewi maua jukwaani, Kapitolina Yegorovna. Haijawahi kutokea."

"Najua. Nimekaa juu yao miaka arobaini, unadhani sijui?"

Alikuwa na tiketi ya Machi, ya lile onyesho lililofutwa, na hizo ziliruhusiwa kubadilishwa. Mkata tiketi akampa safu ya sita, katikati kabisa.

"Watu wangeuza figo wapate kiti hiki," mkata tiketi akamwambia.

"Wauze," Kapitolina akasema. "Mimi huko nitaona nini? Magoti?"

Lakini alikichukua.

Jumapili yenyewe baridi ilikuwa ishirini chini ya sifuri, na theluji inalia chini ya mabuti. Alikuja kwa miguu, kilomita nne, akikumbatia maua ndani ya magazeti matatu na shali. Mlangoni alikuwepo Savva, mlinzi wetu, mwanajeshi mstaafu, na kile kipima joto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Nilikuwa nawasikia kutoka kaunta yangu.

"Umri, mama?"

"Sitini na minne."

"Hata mwaka juzi ulikuwa sitini na minne."

"Na mwakani njoo uniulize tena. Pima."

Savva akapima. Akakitikisa kifaa, akapima tena.

"Thelathini na tatu nukta nane. Kapitolina Yegorovna, kwa kipimo hiki wewe ni maiti."

"Maiti hawaambukizi mtu. Nipishe."

Akapita. Savva alibaki anajipima mwenyewe.

Kwenye kaunta yangu alifungua magazeti taratibu, akakagua. Mawaridi saba ya rangi ya krimu, kila moja limefumbuka nusu, hakuna hata jani lililoungua kwa baridi. Akaweka mezani na karatasi yake: Kwa Lada, mstari wa tatu, jukwaani. Lile neno la mwisho alikuwa amelipigia mstari mara mbili.

"Raya, nakuachia wewe."

"Mimi ni wa makoti, mama. Maua yanapelekwa na wahudumu wa ukumbini."

"Waambie basi." Akavaa viatu vyake, akaingia.

Kuwaambia si kazi, shida ni kwamba hawakuwepo. Wahudumu wetu wawili wa maua, mmoja alikuwa nyumbani anakohoa, mwingine yuko nyumbani kwa sababu alikunywa chai na yule anayekohoa. Taa zilipozimwa nikasogea mlangoni kuchungulia, kama ninavyofanya siku zote makoti yakishatulia. Ukumbi wa watu elfu moja, wamekaa mia mbili na hamsini, mmoja hapa, mmoja kule, kama meno ya mzee. Watu wa juu wote wamemwagwa chini, wamepoteana. Kapitolina alikuwa amekalia begi lake juu ya kiti, na shali juu ya begi, shingo imenyooka kama ya bata. Aliyekuwa nyuma yake, kwa bahati, alikuwa viti vitatu mbali.

Na makofi yakawa shida. Kipande cha kwanza kigumu kilipomalizika, pakawa kimya. Wageni hawajui, na wanaojua kila mmoja anamngoja mwenzake, maana wamezoea kukaa bega kwa bega. Nikaona kifua cha yule msichana jukwaani kinavyopanda na kushuka. Halafu yakasikika makofi mawili makavu kutoka safu ya sita, pah, pah, kama mtu anayegonga geti la kiwanda. Wengine wakadakia. Kiongozi wa okestra akashusha fimbo yake, akangoja, na msichana akapumua.

Mapumziko ya pili Innokenti Lvovich akanijia mbio kaunta. Huyu ndiye msimamizi wa ukumbi, mtu mwembamba, mwenye barakoa mbili, moja juu ya nyingine, na kanuni kwenye faili.

"Raya, una glavu?"

"Ninazo mbili, sawa na mikono."

"Vua aproni. Mwishoni utapeleka maua jukwaani. Mashada mawili ya nyota, shada moja la mwanamume. Unatoka kushoto, unatoa, unainamisha kichwa kidogo, unarudi kushoto. Usiongee."

"Na haya?" nikamwonyesha mawaridi ya krimu.

Akasoma karatasi, akaisoma tena. "Haya hayaendi. Maua ni kwa wanaotoka mbele. Mstari unabaki nyuma, umesimama. Nikimpa mmoja, kesho watadai wote ishirini na nne."

"Anastaafu leo, Innokenti Lvovich. Baada ya leo hadai kitu."

"Wanastaafu kila mwaka. Mwekee mezani, atachukua Jumanne."

"Jumanne hatakuwepo. Ndiyo maana ya kustaafu."

"Raya." Akainua kidole. "Matatu. Umenielewa?"

"Nimeelewa," nikasema. Na kweli nilikuwa nimeelewa. Sikusema nimekubali.

Nilichukua yale mashada matatu mikononi, na la Kapitolina nikalibana kwapani, chini ya sweta. Nikapita kile kikorido cha nyuma, kimejaa kamba na vumbi na wasichana wanaosugua mashavu ya miguu yao, nikasimama pembeni ya pazia nikingoja. Muziki ukaisha. Nikalitoa la kwapani. Waridi moja lilikuwa limevunjika shingo, limening'inia. Mkono wangu ukafanya kile ambacho umezoea kufanya ukiona kitu kilichoharibika: ukalichomoa, ukalitupa kwenye ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Bila kufikiri. Mwanamke yeyote anayependa usafi angefanya hivyohivyo.

"Nenda!" akaniambia fundi wa mapazia, akanisukuma mgongoni.

Wenzangu, sijawahi kusimama jukwaani hata shuleni. Taa zile zinapiga usoni kama mlango wa tanuri. Nikampa nyota mashada yake mawili, akaniinamia kwa adabu. Nikampa mwanamume lake. Nikainamisha kichwa. Kushoto kwangu, gizani, nikamwona Innokenti Lvovich ananiita kwa vidole viwili. Nikageuka nikaenda nyuma, kwenye mstari.

Msichana wa mstari wa kwanza akaninong'oneza bila kufungua meno, "Mama, umepotea, njia ni ile."

"Sijapotea. Sogea."

Wakasogea. Wale wanaweza kukupisha bila kuonekana wametikisika. Mstari wa pili, mstari wa tatu, wa pili kutoka kushoto. Kwa karibu Lada ni mifupa mitupu na rangi ya usoni, jasho linatiririka shingoni, macho ameyatoa kama anayeona koti lake linatembea lenyewe. Nikainua maua nimpe. Na hapohapo nikaona.

Sita.

Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua. Mtu aliye hai unampa moja, matatu, matano, saba. Yakigawanyika kwa mbili, ni ya jeneza. Sita ndiyo tuliyompelekea mama mkwe wangu, na sita tukaweka tena siku ya arobaini. Na wachezaji wa baleti ni watu wa imani za ajabu, hawapigi hata mluzi nyuma ya pazia. Mimi nimesimama mbele ya mwanamke anayemaliza kazi yake ya maisha, mbele ya okestra nzima, nimemshikia maua ya kaburini. Nikaona midomo yake inacheza kidogo. Alikuwa anahesabu. Wote huhesabu.

Nikachomoa moja. Palepale. Mwiba ukapita glavu ukaingia kidoleni, nikajizuia kusema neno ambalo lingefika safu ya mwisho.

"Matano," nikamwambia. "Hesabu tena."

Akahesabu. Akayapokea. "Ya nani?"

"Safu ya sita. Aliyekaa juu ya begi."

Akatazama ukumbini, sidhani aliona kitu kwa zile taa. Halafu miguu yake ikafanya jambo ambalo haikuwahi kulifanya kwa karibu miaka ishirini: ikatoka mstarini. Hatua moja, nyingine. Mstari wa pili ukafunguka, wa kwanza ukafunguka, nyota mwenyewe akarudi nyuma kumpisha, na Lada akasimama peke yake mbele kabisa, na goti lake bovu akainama mpaka chini, polepole, akainuka.

Ukumbi haukujua huyu ni nani. Kwa sekunde moja niliogopa kimya kile tena. Ndipo ikaja pah, pah, kutoka safu ya sita, na watu wa juu, kila mmoja alikomwagwa, wakasimama. Mhasibu pale, muuguzi kule, daktari wa meno na leso yake. Kelele zimekatazwa, hawakupiga. Walipiga makofi kwa mpigo mmoja, yale ya kwetu ya kumng'ang'ania mtu asiondoke, na wageni wakaingia humohumo, na wasichana wa mstari nao wakapiga, na kiongozi wa okestra akagonga fimbo yake kwenye meza ya nota. Mimi nilibaki nyuma yao wote na waridi moja mkononi, sijui niliweke wapi. Nikatoka kwa kulia, kwa kuwa kushoto nilikuwa nasubiriwa.

Alinipata hata hivyo, kwenye ngazi.

"Raisa Antipovna." Akiniita kwa jina la baba yangu najua ni vibaya. "Kesho ofisini kwangu."

"Kesho ni Jumatatu, tumefunga."

"Jumanne!" Akashuka hatua mbili, akasimama. "Na kwa nini ulimnyang'anya moja?"

"Yalikuwa sita."

"Mungu wangu," akasema, akajishika barakoa zake. "Jumanne, lakini mchana, usije asubuhi." Akaenda zake.

Nilipofika kaunta nikamkuta wa kwanza kwenye foleni. Macho juu ya barakoa yanawaka.

"Ua langu liko wapi?"

"Kapitolina Yegorovna, subiri nikueleze."

"Saba nilileta! Safu ya sita naona kila kitu, ni laana, naona mpaka kucha. Umemnyang'anya mtoto ua mkononi, kama mwizi wa sokoni, mbele ya okestra!"

"Moja lilivunjika. Yakabaki sita."

Akafanya ishara ya msalaba. "Ukalitoa ukiwa umeshafika."

"Nikalitoa nikiwa nimeshafika."

"Na lile la kwanza lilivunjikaje?"

Ningeweza kudanganya. "Nililibana kwapani."

"Kwapani!" Akageukia foleni nzima, wamesimama kila mmoja kwenye alama yake ya mita moja na nusu. "Mnasikia? Mawaridi ya Lada, kwapani!" Daktari wa meno akaanza kucheka na barakoa yake ikapanda mpaka machoni. Na yeye Kapitolina nikaona mashavu yanatikisika. Hakuwa na hasira tena, alikuwa anaitafuta tu ibaki kidogo.

Mlango wa wafanyakazi ukafunguliwa. Lada akatoka na sweta la sufu juu ya soksi za kuchezea, rangi bado usoni, barakoa imebandikwa juu ya rangi, yale matano kifuani. Akatazama foleni. Wanawake kumi na watano wa umri uleule, barakoa zilezile za bluu.

"Samahani," akasema, "aliyekaa juu ya begi?"

Walisogea tu, wote, wakamwacha yeye katikati. Kapitolina alikuwa na buti moja mguuni na kiatu kimoja cha kisigino. Akanyooka.

"Ni wewe?" Lada akasema. "Yale ya mlangoni? Tangu mwanzo?"

"Ningekuletea mapema zaidi, lakini siku ya utepe sikuwa nimejiandaa."

Lada akacheka, halafu akafuta jicho kwa mkono wa sweta, rangi nyeusi ikaenda mpaka sikioni. "Nilidhani ni mwanamume. Kisha nikadhani ni mwanamume aliyekufa na mwanawe anaendelea. Kwa nini hukuandika jina?"

"Jina langu halichezi." Kapitolina akakohoa kidogo, wote tukaruka nyuma nusu hatua, kwa mazoea. "Leo mkono wa kushoto ulichelewa. Kwenye kile kipande cha kushuka."

Nikafumba macho. Nikasema, mama huyu, hata leo?

"Ulichelewa," Lada akasema. "Nilikuwa nausaidia mguu."

"Niliona. Nilijua ni goti. Na kwenye mzunguko wa tatu ukamsubiri yule mdogo wa pembeni aliyepotea hesabu."

"Hilo hakuna aliyeliona!"

"Mimi niliona," Kapitolina akasema.

Lada akamtazama. Alikuwa kama mtu aliyetembea njia ndefu gizani, na sasa anaambiwa kulikuwa na mwenzake nyuma yake muda wote, na mwenzake huyo amekariri kila jiwe.

"Umekuja na nini?" akamuuliza.

"Kwa miguu. Kadi imezimwa."

"Nina gari."

"Mwanangu, hairuhusiwi. Mita moja na nusu. Mimi ni mtu wa hatari, nina miaka..." Akanitazama. Nikatazama makoti. "Nina sitini na minne."

"Utakaa nyuma, mimi mbele, barakoa usoni, na madirisha yote manne tutashusha."

"Kuna baridi ishirini!"

"Umeshapimwa thelathini na tatu," akasema Savva kutoka mlangoni. "Itapungua kiasi gani zaidi?"

Nikamvisha koti la kijani. Nikamfunga shali mara mbili, na juu yake nikamfunga ya kwangu, na mfuko wa viatu nikamning'inizia mkononi. Lile waridi la ziada nilimpa, akalinusa kupitia barakoa, akalipachika kwenye tundu la kifungo. Kwa jicho la maua alikuwa sawa na bibi harusi, kwa jicho la mashali alikuwa sawa na gunia la viazi.

Kupitia kioo niliwaona wanatoka uwanjani. Gari dogo jeupe, madirisha yote chini, mvuke unatoka kama kwenye birika. Lada mbele ameshika usukani kwa mkono mmoja. Nyuma Kapitolina ameinua mkono wake wa kushoto juu, ndani ya glavu ya sufu, anamwonyesha ulivyotakiwa kuwa, na Lada anageuza kichwa kubisha, na mwenye lori nyuma yao anapiga honi. Hakuna hata mmoja wao aliyeisikia.

"Namba mia moja na nne," akasema daktari wa meno. "Raya, na mimi nina koti."

Nikampa.